Pikipiki ya Zamani Arusha na Moshi: Uanze na Ipi?

Huko Machame, Kibosho na Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, ukizunguka nyuma ya nyumba kwenye kihamba, yaani shamba la migomba la familia, mara nyingine utakuta pikipiki imeegemezwa ukutani na kuku wamelala juu ya tangi. Ilikuwa ya bwana shamba, ya katekista au ya mwalimu mkuu. Mwenyewe alishafariki, watoto wako Dar es Salaam. Hizo ndizo ninazozisaka, na vijana huniuliza waanze na ipi. Jibu langu ni lile lile: chukua ambayo fundi wa mtaani kwako anaweza kuifufua na yenye karatasi zinazoeleweka. Uadimu uje baadaye.

1. Honda CG125

Kwa anayeanza, sioni inayoikaribia. Honda waliitoa mwaka 1976 wakizilenga nchi zenye barabara mbovu na watu wasioingia gereji kila wiki. Valvu zake husukumwa na vijiti, haina cheni ya taimingi, kwa hiyo vya kulegea ni vichache. Wachina waliiga injini hiyo, ndiyo maana ringi na klachi za bodaboda kadhaa zinakaribiana nazo. Zinakaribiana tu, hivyo nenda dukani na kifaa chako cha zamani mkononi, mpime pamoja. Shida yake ni umeme: za mwanzo ni volti 6, na betri na balbu zake utazitafuta sana.

2. Yamaha DT

Moyo wangu uko hapa. Ni nyepesi, inapanda mlima kama mbuzi, na mlio wake wa tu-stroki, injini ya mipigo miwili inayochoma oili pamoja na petroli, unautambua kabla hujaiona. Ina tangi dogo la oili na pampu inayochanganya yenyewe, mfumo ambao Yamaha waliuanzisha mwaka 1964. Wapo mafundi walioing'oa pampu hiyo, wenye pikipiki wakabaki kuchanganya oili na petroli kwa mkono. Ukiikuta ipo na inafanya kazi, ongeza bei bila kusita.

Ila uziogope sili za krenki, mipira inayoziba hewa isipenye kwenye shafti ya injini. Pikipiki ikilala miaka kumi, sili hukauka, injini ikavuta hewa isiyotakiwa, petroli na oili vikapungua ndani, pistoni ikachemka na kunata. Nilinunua DT iliyowaka vizuri kabisa uani kwa mzee mmoja. Tulipokata kona ya Himo kuanza kuupanda mlima wa Marangu, ikanoki. Tangu siku hiyo, bei ya sili na pistoni naihesabu kabla sijataja bei ya pikipiki yenyewe.

3. MZ ya Ujerumani Mashariki

Ngumu, nzito kidogo, haina mapambo. Ilitengenezwa Zschopau, katika kiwanda kilichokuwa cha kampuni ya Kijerumani ya DKW kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Inunue kama imekamilika. Ikikosa kabureta au dainamo, iache.

4. BSA Bantam

Hii ni ya mwisho kwa mnunuzi mpya, ingawa historia yake inanisisimua kuliko zote. Baada ya vita Waingereza walichukua michoro ya DKW RT 125, na mwaka 1948 Bantam ikatoka. Pikipiki ya kwanza ya Yamaha, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata mchoro huo huo. Kwa hiyo Bantam, MZ na DT ni ndugu wa ukoo mmoja. Lakini spea za Bantam utaagiza Uingereza, ulipie usafiri na ushuru.

Popote utakapokwenda, iguse injini kabla haijawashwa. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshahangaika nayo asubuhi. Mwambie utarudi kesho ikiwa imepoa. Moshi wa samawati kwenye tu-stroki ni kawaida, kwenye CG ni ringi au valvu. Na kama imetoka Dar es Salaam, kumbuka Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari: hewa ni nyepesi, plagi itakuwa nyeusi mpaka kabureta irekebishwe. Hicho si kigezo cha kuikataa. Rangi mpya inayong'aa ndiyo inayonitia wasiwasi, hasa ikiwa imepakwa hadi juu ya namba ya chesisi.

Fedha zako zigawe mafungu matatu, mawili ya kununulia, moja la spea.

Sasa kadi ya usajili. Linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizoandikwa kwenye kadi, moja moja, kwa tochi. Kama jina ni la marehemu, usimlipe mtoto aliyekupokea getini hata akiwa mpole namna gani. Muulize nani ni msimamizi wa mirathi, uone barua ya mahakama, ndipo mwende TRA, mamlaka ya mapato, kubadilisha umiliki. Mimi huwa nasubiri Desemba, Wachaga wanaporudi nyumbani kula Krismasi. Nafika tarehe 27, namwamkia mama mwenye nyumba, nakaa, nangoja wana wote waje, kisha nataja bei yangu mbele yao.