Ngome ipi ya pwani umpeleke mtoto mdogo bila kuumiza mfuko

Mtoto wa miaka mitano ukimtajia ngome, anachowaza ni mizinga, minara na mahali pa kukimbia. Wareno walifika lini na Waomani wakawafukuza lini, hayo si yake bado. Na kwa mzazi anayebana matumizi, kiingilio mara nyingi ndicho kidogo kuliko vyote. Pesa huishia kwenye nauli, maji, mtembezaji wageni mliyeshindwa kupatana naye mapema, na vitafunio vya kumnyamazisha anayelia. Piga hesabu ya siku nzima, kisha uangalie kivuli, choo, na kama mnaweza kutoka haraka mtoto akichoka. Mpangilio huu ni wa watoto walio chini ya miaka minane.

1. Fort Jesus, Mombasa

Hii ndiyo ngome inayofanana kweli na ngome za hadithi. Ilijengwa na Wareno kuanzia 1593 kwa ramani ya Mwitalia Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ina umbo la mtu aliyelala chali. Mwonyeshe mtoto picha hiyo kwenye simu kabla ya kuingia, mwambie mtatembea kutoka kichwani hadi miguuni. Hapo atakuwa na kazi ya kufanya, na malalamiko yatapungua.

Vitu vitatu huwashika watoto: mifupa ya nyangumi, Njia ya Matao iliyochongwa ndani ya jiwe la matumbawe kuelekea baharini, na michoro ya ukutani ya Wareno. Hiyo michoro usiipite. Askari waliokuwa zamu walichora meli na samaki kwenye lipu kwa makaa na udongo mwekundu, mistari yake imepinda kama ya mtoto wa chekechea. Mwulize amehesabu samaki wangapi. Vyungu na vitu vilivyotolewa kwenye meli ya Santo António de Tanna, iliyozama hapo 1697, vinavutia zaidi wakubwa.

Milango hufunguliwa saa mbili asubuhi, nanyi fikeni saa hiyo hiyo. Kufikia saa tano uwanja wa katikati hauna kivuli cha maana, na mizinga ambayo kila mtoto hutaka kuipanda imeshika moto kiasi cha kuunguza mapaja. Juu ya kuta kuna sehemu zisizo na ukingo wa kumzuia mtoto, kwa hiyo mkono mmoja uwe wake muda wote. Kigari cha mtoto kiacheni nyumbani, maana sakafu ina mabonde na ngazi ni za jiwe. Mbebeni kwa kanga mgongoni. Viatu viwe vya raba, kwani matumbawe yaliyosuguliwa na miguu ya karne nne huteleza yakilowa.

Beba kitambulisho. Mkenya na mwananchi wa Afrika Mashariki hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na mtoto hulipa chini ya mtu mzima, lakini bila ushahidi utahesabiwa mgeni. Malipo hupitia eCitizen, mfumo wa serikali ya Kenya wa kulipia huduma mtandaoni, basi uwe na salio kwenye simu badala ya kutegemea noti. Mtembezaji wageni si lazima kwa mtoto mdogo; ukimtaka, patana bei kabla hajafungua mdomo. Saa moja na nusu inatosha. Baada ya hapo chukueni tuktuk hadi bustani ya Mama Ngina kando ya bahari, mtoto akimbie huku mkila mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Pilipili yake iwekwe kando.

2. Ngome Kongwe, Unguja

Kama mko Mji Mkongwe tayari, au mtoto ana miaka miwili mitatu tu, ipandishe hadi nafasi ya kwanza. Kwa kawaida mchana hakuna kiingilio, ndani kuna majani ya kukimbilia, na ukuta wa kumzunguka usimpoteze. Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya kuwatoa Wareno. Kasoro yake ni kwamba maonyesho ni machache: maduka ya sanaa, ukumbi wa wazi, basi. Nusu saa imekwisha. Dawa ni kwenda saa kumi jioni, mkitoka mvuke barabara hadi bustani ya Forodhani yenye michezo ya watoto, mkisubiri meza za chakula zipangwe. Uliza bei ya kila mshikaki kabla haujawekwa sahanini.

Kwa familia inayotoka Dar, nauli ya boti kwenda na kurudi inaufuta ubure wote huo. Kwao Ngome Kongwe ya Bagamoyo ni nafuu zaidi: ni safari ya barabara ya asubuhi moja, jengo ni dogo, na ufuko uko karibu.

3. Ngome ya Lamu

Iliisha kujengwa karibu 1821, ikawa jela hadi 1984. Mandhari yake ni bora kuliko zote, kwani mtoto anatoka langoni akakuta punda badala ya magari. Ila msisafiri hadi Lamu kwa ajili yake tu. Mji una makumbusho mbalimbali, basi ulizeni kama tiketi ya ngome huuzwa peke yake. Ikiwa ndivyo, kwa mtoto nunueni hiyo pekee. Kwenye boti ya kutoka Mokowe, gati la upande wa bara, dai jaketi la kuokolea la saizi yake, kwani la mtu mzima humchomoka akitumbukia majini.

4. Gereza la Kilwa Kisiwani

Gereza ni jina la ngome hii ya kisiwani. Subirini mtoto afike miaka tisa au kumi. Kibali huchukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, jua ni kali, na mwendo kutoka Gereza hadi magofu ya kasri la Husuni Kubwa ni mrefu kwa miguu mifupi. Bebeni maji yote mtakayokunywa. Muulizeni nahodha maji yanajaa saa ngapi, maana yakitoka chombo hakifiki ufukweni, na mtashuka kwenye matope huku mtoto kakaa mabegani.