Seti ya kuchanganyia kokteli nyumbani: uzoefu wangu hapa Tanga

Kwa wanaouliza kama seti ya kuchanganyia kokteli inamfaa mtu wa nyumbani tu, asiye na baa wala hoteli, jibu langu ni ndiyo, na nimeitumia vya kutosha kulisema hilo bila kusita. Yangu niliagiza kwa muuzaji wa Kariakoo kwa shilingi 85,000, ikaletwa Tanga kwa basi, nauli ya mzigo juu yangu. Ndani mna sheka (kopo la kutikisia) ya vipande vitatu, toti ya kupimia yenye vichwa viwili, kijiko kirefu chenye mpini wa msokoto, mchi mfupi, chujio lenye springi na kibao cha kusimamishia vyote hivyo. Mchi na kibao ni mbao, vilivyobaki ni chuma kisichoshika kutu.

Muuzaji aliisifia sheka, maana ndiyo inayong'aa. Mimi naisifia toti.

Huku kwetu wengi tunachanganya kwa macho: Konyagi kidogo, soda mpaka glasi ijae, kipande cha ndimu, basi. Glasi ya kwanza inateremka vizuri, ya pili inachoma koo, na hakuna anayejua tofauti imetoka wapi. Toti yangu upande mmoja inachukua mililita 60, upande wa pili 30, na kwa ndani imechongwa mistari ya 15, 20, 25 na 45. Hiyo mistari ndiyo iliyonibadilishia kila kitu. Kokteli nyingi za jamii ya daiquiri, ile ya ramu kutoka Cuba, zimesimama juu ya vitu vitatu tu: pombe, ndimu na sukari. Kipimo kinachojulikana ni pombe 60, juisi ya ndimu 30, shira 20. Sasa ukitoa ramu ukaweka Konyagi, hesabu inahama. Ramu nyingi zina kilevi asilimia 40, Konyagi ina 35. Maana yake kwenye mililita 60 za ramu mna 24 za kilevi, kwenye Konyagi mna 21. Ukiziangalia kwa macho huoni kitu, lakini ulimi unaona, kwa sababu ukali wa pombe ndio unaoshindana na uchachu na utamu. Kwa hiyo kwa Konyagi mimi nashusha ndimu mpaka 25 na shira mpaka 15. Tofauti yenyewe ni mililita tano, sawa na kijiko kimoja cha chai, na hiyo huwezi kuikadiria kwa jicho hata ukiwa na uzoefu wa miaka.

Machungwa ya Muheza nayo yanahitaji kueleweka. Mgeni akiyaona na ganda lake la kijani anadhani ni mabichi, kumbe yameiva na ni matamu kweli. Ni joto la usiku la ukanda wetu ndilo linaloacha ganda libaki kijani. Lakini utamu huo huo ndio tatizo kwenye glasi. Juisi ya chungwa ina tindikali ya takriban asilimia moja, ya ndimu inafika karibu sita. Ukitegemea chungwa peke yake, kokteli inakuwa juisi yenye pombe, haina mshiko. Mimi naweka chungwa 45 na ndimu 15, na hapo ladha ya chungwa lenyewe ndiyo inajitokeza zaidi kuliko lilipokuwa peke yake.

Sheka, basi. Ni ile yenye chujio ndani ya kifuniko na kikombe kidogo juu. Chuma chake ni kizito kiasi, hakibonyei. Unatikisa kwa nguvu kama sekunde 12 hivi, mpaka mikono isikie baridi ya kuuma. Kwa unyevu wa hewa ya bahari, nje ya sheka panaanza kutiririka maji kabla hujamaliza, kwa hiyo ishike kwa kitambaa kikavu la sivyo itakuponyoka. Udhaifu wake mkubwa ni kifuniko kung'ang'ania. Hewa iliyo ndani ikipoa inasinyaa, inavuta kifuniko chini, na chuma nacho kinakazana. Usichokonoe kwa kisu. Funika maungio kwa kiganja chenye joto kwa muda mfupi, kisha gonga pembeni kwa mzizi wa kiganja hicho hicho, kinaachia. Matundu ya chujio lake pia ni makubwa, yanapitisha nyama ya ndimu na vichembe vya barafu. Dawa yake iko jikoni tayari: chujio la chai. Mimina kutoka kwenye sheka, pitisha kwenye chujio la chai, kinywaji kinatoka safi kabisa. Chujio la springi lililokuja na seti sijaliona faida yake, halikai sawasawa kwenye mdomo wa sheka hii.

Kwenye barafu nitakaa kidogo, kwa sababu watu wananunua seti nzuri halafu wanalalamika vinywaji vyao havina ladha, na mara nyingi kosa liko kwenye barafu. Kutikisa kunapoza, lakini pia kunaongeza maji. Takriban robo ya kile utakachokunywa ni maji ya barafu iliyoyeyuka, na ndivyo inavyotakiwa, maji hayo ndiyo yanayolainisha. Shida inakuja barafu ikiwa ndogo na imeshaanza kulowa: inayeyuka kwa fujo, kinywaji kinakuwa maji kabla hakijapoa. Wakati wa kaskazi, Tanga ikiwa na lile joto lake la kunata, vipande vidogo vya trei ya friji havifiki mezani. Mimi nagandisha bonge. Nachukua deli dogo, naliacha wazi bila kifuniko, najaza maji yaliyochemshwa na kupoa, naliweka ndani ya friza. Kwa kuwa kuta za deli zinazuia baridi, maji yanaganda kuanzia juu kwenda chini, na hewa na uchafu mdogo vinasukumwa chini. Ukilitoa kabla ya sehemu ya chini kuganda, unapata bonge angavu kama kioo, unalikata kwa kisu chenye meno cha kukatia mkate. Ukichelewa na chini pakaganda na ukungu, kipande hicho unakitumia kutikisia. Inataka usiku na mchana wake, na inataka umeme usikatike katikati, kwa hiyo ukipata bonge zuri likate lote, vipande vihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko visije vikanuka samaki. Na barafu ya pale Deep Sea, kwenye soko letu la samaki, ni ya kuhifadhia samaki, isiingie kwenye glasi ya mtu.

Kinywaji ninachojivunia kuliko vyote kinatokana na danzi. Watu wengi wanalikimbia kwa uchungu wake, lakini mafuta ya ganda la danzi yana harufu ambayo chungwa la kawaida halina. Namenya madanzi manne kwa kisu chembamba, nachukua ganda la juu tu, ule weupe nauacha kwenye tunda. Maganda nayaweka kwenye bakuli na gramu 100 za sukari, nayakandamiza kwa mchi mpaka yaanze kung'aa, nafunika, naacha mpaka jioni. Ukifunua, sukari imelowa, imekuwa kama mchanga wa ufukweni maji yakitoka, na mafuta ya manjano yametulia chini ya bakuli. Harufu inajaa sebule nzima. Hapo natwanga iliki ya Amani, punje sita, naitia pamoja na mililita 100 za maji ya moto, nakoroga mpaka sukari iishe, nachuja. Iliki ya Usambara Mashariki ukiipata mpya huna haja ya kuzidisha, punje sita zinatosha. Shira hii inakaa kwenye friji wiki mbili bila wasiwasi.

Kisha kwenye sheka: Konyagi 60, juisi ya ndimu 25, shira ya danzi 20 kwa sababu hii ina uchungu wake wa kubeba utamu, na chembe chache za chumvi. Hiyo chumvi msiidharau. Haifanyi kinywaji kiwe cha chumvi, inapunguza uchungu na kuacha harufu ya ganda ipite mbele. Tikisa, chuja, weka juu ya kipande kimoja kikubwa cha barafu. Nyumbani tunakiita Usambara, na dada zangu wakija kutoka Korogwe ndicho cha kwanza wanachoulizia.

Mchi wa seti nao una neno. Unafaa sana kwa Dawa, kile kinywaji kilichopata umaarufu kwenye mgahawa wa Carnivore, Nairobi, kikiwa kimezaliwa na kokteli ya Brazil iitwayo caipirinha: vodka, ndimu ya kukata na ganda lake, sukari kidogo, barafu, na asali inayokuja kwenye kijiti. Mimi natumia asali ya Handeni. Asali ikigusa barafu inakazana chini ya glasi, ndiyo maana kuna kijiti, ukoroge polepole unavyokunywa. Asiyependa kukoroga ailainishe kwanza kwa maji ya uvuguvugu, vipimo viwili vya asali kwa kimoja cha maji. Ndimu ikandamizwe tu, isipondwe kama unatwanga kisamvu, maana ule weupe wa ganda ukipondeka unatoa uchungu mbaya. Hivyo hivyo kwa mnanaa. Lakini mchi wangu ulikuja umepakwa vanishi, na vanishi ilianza kubanduka kwenye ndimu. Hili limeniudhi, kitu cha kuingia kwenye chakula hakipaswi kupakwa vile. Niliusugua kwa msasa mpaka ikatoka yote, nikauosha, sasa uko vizuri. Anayenunua aangalie hilo kwanza, na akipata mchi wa mti mtupu kwa fundi seremala wa mtaani, auchukue huo.

Tanga ni mji wenye watu wengi wasiokunywa kabisa, na familia yangu ni hivyo pia. Wifi yangu hagusi pombe, na akija huwa ananiuliza, "Wifi, leo umenitengenezea nini?" Kwa hiyo nimenunua sheka nyingine ndogo na toti yake, havijawahi kuguswa na pombe na havitaguswa, na anajua hivyo. Kinywaji chake ni ukwaju uliolowekwa kwenye maji ya moto, ukakamuliwa na kuchujwa, mililita 45. Juisi ya chungwa la Muheza 60. Shira ya iliki 20. Pilipili manga ya kusaga kwa ncha ya kisu. Natikisa na barafu kwa nguvu, mpaka ukwaju unatoa povu zito juu, halafu namalizia na maji ya soda. Kwa maoni yangu hapa ndipo seti inaporudisha hela yake hata kwa nyumba isiyo na chupa moja ya pombe. Ukwaju wa kukoroga kwa kijiko na ukwaju wa kutikiswa ni vinywaji viwili tofauti.

Kijitabu kilichokuja na seti sikushauri ukitegemee. Vipimo vyake ni vya aunsi, ambapo aunsi moja ni karibu mililita 30, na nusu ya mapishi yanataka vermouth, Campari na chupa nyingine ambazo kwa Tanga utazunguka bila kuzipata, ukizipata ni bei ya kuumiza. Soko la Mgandini lina kila unachohitaji kuanza: ndimu, ukwaju, tangawizi, mchaichai, mdalasini. Kibao nacho kimevimba kwa unyevu wa bahari, vifaa haviingii tena kwenye matundu yake, siku hizi navitundika ukutani. Chuma chenyewe hakina kasoro, ila mkikuta seti zilizopakwa rangi ya shaba au dhahabu ziacheni, ndimu itazila.

Kuhusu pombe, nunua chupa iliyofungwa, yenye stempu ya kielektroniki ya TRA, uiskani pale pale dukani kama unaweza. Gongo usiiingize kwenye sheka hata ikisifiwa vipi, inaweza kuwa na methanoli, sumu inayopofusha na kuua, na ndimu haiiondoi. Kokteli iliyotengenezwa vizuri pia inaficha ukali, kwa hiyo mgeni aliyekuja na pikipiki mimi namhesabia glasi, na akizidisha, funguo zinabaki kwangu, anarudi na bajaji.

Kama bajeti haifiki 85,000, nunua toti yenye mistari peke yake, tikisia kwenye chupa ya jemu yenye mfuniko unaobana, chuja kwa chujio la chai, utafika mbali. Mimi nikiongeza kitu, nitaongeza sheka ya vikombe viwili vya chuma, ile wanayotumia wahudumu wa baa kubwa, maana haina kifuniko cha kung'ang'ania na vipande vikubwa vya barafu vinaingia bila kuvunjwa.