Ngege wa Dunga na mama anayejua kupokea watu

Nianze na samaki, maana ndiye tuliyemfuata. Ngege (tilapia) wa kukaanga katika hoteli hii ya mabati karibu na ufuo wa Dunga, Kisumu, huja mzima, ngozi imekauka vizuri na nyama ndani bado laini. Osuga, mboga ya majani iliyo chungu, imetiwa maziwa hadi uchungu ukaisha. Mbuta (sangara) wa mchuzi sikumpenda, chumvi ilizidi.

Kinachonirudisha hasa ni mama anayepokea wateja. Jumapili tukisubiri sahani, vijana wa bodaboda waliingia, naye akawaambia, "Niaje wasee, lipeni kwanza, si mnajua?" Wakacheka, wakatoa simu. Nyuma yao akaingia mzee mwenye fimbo. Mama akashusha sauti, akamwita jaduong', yaani mzee wa kuheshimiwa, akamwuliza kwa Kijaluo habari za nyumbani, akamletea maji ya kunawa. Pesa hakuitaja mpaka mzee alipoiuliza mwenyewe. Angemsemesha mzee kama vijana, mzee angeondoka. Na vijana nao wangepewa zile adabu za mzee, wangedhani amewakasirikia.

Sisi ni Waluhya wa Vihiga, na mama yangu hajui Kijaluo. Yule mama alipotusikia tukisemezana Kimaragoli, aliwageukia wenzake wa jikoni: "Tuongee Kiswahili, tuna wageni." Basi mama yangu, ambaye kwenye hoteli za mjini hukaa kimya nikamwagizia, aliagiza mwenyewe, akaomba kichwa cha samaki, hata bei akaibishania!

Kasoro iko kaunta. Kijana wa pale alinikaribisha kwa Kiingereza laini, nadhani kwa ajili ya nguo zangu za kanisani. Mama yangu, aliyejifunga leso, akaambiwa, "Wewe unataka nini?" Katiba ya 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na rasmi pamoja na Kiingereza. Pale kaunta kilitumika kumshusha mtu mzima, na hilo liliniuma. Mwenye hoteli amketishe kijana huyo kando ya yule mama kwa wiki nzima, asikilize.

Nawapa nne kwa tano. Jumapili fikeni kabla watu hawajatoka kanisani, na semeni mapema mkitaka ngege wa kuvuliwa, kwa sababu wa kufugwa kwenye vizimba huuzwa pia.