Kabla hujanunua kamusi, itafutie neno "dhidi"

Anayenunua kamusi dukani kwa kawaida huifungua popote, huona maandishi madogo yaliyobanana, kisha hulipa. Hicho si kipimo. Kamusi yoyote itakueleza meza ni nini. Zinaumbuka kwenye maneno yasiyo na umbo wala picha, na hakuna linaloziumbua upesi kama dhidi. Lina herufi tano tu, liko kila siku magazetini, mahakamani na kwenye redio za michezo, na makosa yake mengi hayatokani na maana yake bali na maneno yanayoandamana nalo. Kwa hilo tumepima vifaa vitatu: kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili, na programu ya kutafsiri ya simuni.

Anza na kamusi la Kiswahili kwa Kiswahili. (Au "kamusi ya"; Zanzibar BAKIZA, Baraza la Kiswahili la huko, walipotoa lao mwaka 2010 waliliita Kamusi la Kiswahili Fasaha, na hawakukosea.) Inayojulikana zaidi bara ni Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyotoka mara ya kwanza 1981 na kutolewa toleo la pili 2004. Neno letu litafute ndani ya D, kati ya dhibiti na dhifa. Wanaotamka "zidi" hukimbilia Z, wakakutana na zidi ya kuongezeka, wakadhani neno halimo. Limo, waliokosea ni wao.

Ukilipata, usisome maana kwanza. Tazama kama kamusi inakuonyesha kuwa dhidi haitembei bila ya. Hiyo ya haifuati ngeli ya jina lililotangulia. Ni ushindi dhidi ya, si "ushindi dhidi wa". Ni shauri dhidi ya, si "shauri dhidi la". Ikifuatwa na mtu huwa dhidi yangu, dhidi yako, dhidi yetu, dhidi yao. "Dhidi ya mimi" ni kosa ambalo mfano mmoja tu kwenye kidahizo, yaani neno linaloorodheshwa na kuelezwa kwenye kamusi, ungelizuia. Kidahizo kinachosema "kwa kupinga" kikaishia hapo hakijamsaidia mtu anayeandika. Kinamsaidia anayesoma tu, na anayesoma mara nyingi keshaelewa.

Kipimo cha pili ni pinga. Hapa kamusi ya TUKI ina faida watu wengi wasiyoitumia: baada ya kt, yaani kitenzi, huweka kifupisho kwenye mabano ya mraba, ama ele ama sie. Ele ni elekezi, kitenzi kinachopokea yambwa, yaani mtendwa, moja kwa moja; sie si elekezi. Pinga ni kitenzi elekezi, kwa hiyo wabunge hupinga muswada, basi. Wakisemwa "wamepinga dhidi ya muswada" wamepinga mara mbili. Kuandamana hakupokei yambwa, ndiyo maana kuandamana dhidi ya muswada ni sawasawa. Herufi tatu hizo zinamaliza ubishi ambao huchukua nusu saa kwenye chumba cha habari. Tatizo ni kwamba orodha ya vifupisho iko kurasa za mwanzo, ambazo hakuna anayezisoma.

Kamusi za aina zote hukosea zaidi mahali pamoja, nako ni kutokueleza lini dhidi haihitajiki. Kiswahili kina -a unganifu inayobeba upinzani bila kelele. Dawa ya kikohozi haileti kikohozi. Sumu ya panya, dawa ya mbu, chanjo ya surua, bima ya moto: hakuna anayezielewa vibaya, na kuzigeuza zote kuwa "dhidi ya" ni kuvaa koti Tanga mwezi wa pili. Hata taasisi yenyewe ya rushwa Tanzania, TAKUKURU, kwa jina refu ni Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa. Kazi imefanywa na na.

Dhidi inastahili pale ambapo -a au na ingeleta utata. Kampeni ya ukeketaji inasikika kama ya kuuhimiza, hivyo kampeni dhidi ya ukeketaji. Ushahidi wa mshtakiwa ni alioutoa yeye. Ushahidi dhidi ya mshtakiwa ni unaomwangamiza. Malalamiko ya mwalimu yanaweza kuwa aliyoyapeleka au aliyopelekewa, na barua ya ofisi ikiachwa hivyo faili litafunguliwa kwa jina lisilo lake. Chukua pia pigana na. Ukiandika kuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki) walipigana na Waingereza huko Burma, msomaji ataelewa walikuwa maadui. Ukweli ni kwamba walipigana upande wa Waingereza dhidi ya Wajapani. Kamusi yenye mfano wa namna hiyo ilipe bila kuomba punguzo.

Kamusi ya lugha mbili ni kifaa kingine kabisa, na wengi huitumia kinyumenyume. Ukitafuta against utapewa dhidi ya, pengine na kinyume cha, kisha utaondoka nayo kama sarafu inayopita kila duka. Haipiti. Ngazi huegemezwa ukutani, wala ukuta hauhitaji dhidi. Jahazi linalokwenda upepo ukilipiga usoni linakwenda bisho, na upepo wenyewe ni wa mbisho; neno hilo ni ndugu wa bisha, ileile ya mbishi na ubishi. Kamusi iliyotungwa mbali na pwani hapa hunyamaza. Kwa hiyo kanuni ya kutumia ya lugha mbili ni hii: neno ulilolipata humo lirudie kwenye ya Kiswahili kwa Kiswahili, usome mfano, ndipo uandike. Kwa mwanafunzi mwenye fedha ya moja tu, anunue ya Kiswahili kwa Kiswahili.

Programu ya simuni ni bure na ina haraka, na kwa sentensi za habari hufanya vizuri kuliko inavyosingiziwa, kwa sababu vichwa vya habari vyenye dhidi ya viko vingi mno mtandaoni. Inapotoka kwenye habari ndipo huyumba. Ipime kwa sentensi tatu za Kiingereza: moja ya kuegemeza ngazi ukutani, moja ya bima ya moto, na moja inayosema hakuna ushahidi dhidi yangu. Ikikuletea "dhidi ya ukuta", ujue inatafsiri neno kwa neno. Kisha geuza: iandikie kwa Kiswahili ile ya askari na Waingereza, uone inawaweka upande gani. Rudia baada ya miezi michache, maana programu hizi hubadilishwa bila taarifa. Tathmini ya mwaka jana haikulindi.

Kwenye michezo na mahakama vifaa vyote vitatu vimekaa kimya kuhusu mpangilio, ilhali ndio unaoulizwa. Simba dhidi ya Yanga kwa kawaida ina maana Simba ndiye mwenyeji. Barazani watu husema tu Simba na Yanga, na hakuna anayedhani wanacheza timu moja. Mahakamani anayeleta shauri hutangulia: Jamhuri dhidi ya fulani. Shauri likienda rufaa, mkata rufaa ndiye anayetangulia, hivyo majina yaleyale yanaweza kubadilishana nafasi, na mwandishi asiyejua hilo humfanya mshtakiwa kuwa mlalamikaji.

Kinyume nayo itazame kabla hujafunga kitabu. Ni jina la ki-/vi-, kwa hiyo kinyume cha refu ni fupi, na katika swali la mtihani ni cha tu. Lakini kitendo huweza kwenda kinyume na ilivyoagizwa, na hapo na ndiyo inayokaa. Kinyume cha sheria na kinyume na sheria zote zinaandikwa, kamusi isikudanganye kuwa moja ni haramu. Jambo la vinyume vya vitenzi ni muhimu zaidi kwa wanafunzi: funga na fungua, ziba na zibua, anika na anua, vaa na vua. Vya kundi hili kinyume chake kimo ndani ya kitenzi. "Kutofunga" si kinyume cha kufunga, ni kukanusha, na alama hupotea hapo kila mwaka.

Baada ya hayo angalia kitabu chenyewe. Nakala za wizi ni nyingi. Wino hafifu kwenye kona, gundi inayopasuka ukikifungua wima, jalada lenye rangi iliyochujuka: kiache. Pekua D yote, kwa kuwa nakala mbovu hurudia karatasi moja na kuruka nyingine, na alama ndogo kama ~ inayosimama badala ya kidahizo hufutika kwanza, ukabaki na mifano isiyo na neno. Tazama mwaka wa toleo, si mwaka wa kuchapwa upya. Viwili hivyo huwekwa ukurasa mmoja na muuzaji atakuonyesha ule mpya. Toleo la 2004, hata likichapwa jana, halina UVIKO.