SSD ilistahili fedha yangu, duka halikustahili hata nauli

Nilipoanza kuandika tathmini hii nilikusudia kulipatia duka hili la Kariakoo nyota tatu, kwa sababu kazi niliyoipeleka ilifanyika, na kompyuta yangu sasa inaendeshwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Jina la duka sitalitaja. Lakini kila ninapokumbuka namna nilivyohudumiwa, zile nyota tatu zinazidi kuniwia nzito.

Kompyuta yenyewe ni ThinkPad T450 niliyoinunua ikiwa imeshatumika, na ndiyo ninayoandalia hesabu za wateja wangu. Ilikuwa nzito kupita kiasi. Kabla ya kwenda dukani nilifungua Task Manager, programu ya Windows inayoonyesha kila sehemu ya kompyuta inatumika kiasi gani, nikaona diski imeng'ang'ania asilimia 100 hata nisipofanya lolote, ilhali RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, ambayo ni ya gigabaiti 8, haijatumika hata nusu. Kwa hiyo nilikwenda nikijua ninachokitaka, yaani kuondoa diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka na kuwekewa SSD, diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, basi.

Muuzaji hakutaka kusikia. Bila hata kuiangalia mashine, alisema dawa yake ni kuongeza RAM ifike gigabaiti 16 na, ikiwa nina uwezo, kupandisha prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kutoka i5 hadi i7 yenye nguvu zaidi. Nilimweleza kwa adabu kwamba prosesa ya mashine hii imechomelewa kwenye ubao mama, kwa hiyo haichomolewi ikapachikwa nyingine kama inavyowezekana kwenye kompyuta nyingi za mezani, na kwamba anayetaka i7 itambidi anunue ubao mzima. Hapo ndipo alipofanya jambo linaloniuma hadi leo: nikiwa nimeinama nikimwonyesha ile asilimia 100, kidole changu bado kikiwa kwenye kioo, alikishika kifuniko cha kompyuta yangu akakifunga, akasema, "Dada, umekuja kutengenezewa au umekuja kutufundisha kazi?" Waliokuwa wamesimama kaunta wakacheka.

Kompyuta ni yangu na fedha ni zangu. Siamini hata kidogo kwamba angemfungia hivyo mwanamume aliyekuja na shati lake la ofisini. Na ubaya wake hauishii kwenye dharau, kwa kuwa mteja asiyejua lolote angelipia RAM asiyoihitaji, akarudi nyumbani na mashine ileile nzito, kisha akaambiwa kwamba kilichobaki ni kununua nyingine.

Aliyeniokoa ni kijana fundi aliyekuwa meza ya nyuma, ambaye aliniita, akasoma nilichokuwa ninaonyesha, akakubali kwamba tatizo ni diski. Alifungua skrubu mbele yangu, akapachika SSD na kuweka Windows upya, wala hakunificha hatua yoyote. Matokeo yake yamenifurahisha mno: kile kitabu cha hesabu cha Excel kilichokuwa kikinitoa machozi sasa kinafunguka papo hapo, kwa kuwa SSD haina mkono wa kuhangaika kutafuta vipande vya faili huku na huko juu ya sahani.

Sisemi kwamba RAM haina maana. Ningekuwa na gigabaiti 4 ningeongeza bila kusita. Lakini RAM ya mashine hii ni ya aina ya zamani iitwayo DDR3L, ambayo haiingii kwenye mashine za DDR4, aina iliyofuata, kwa hiyo fedha utakayoitia humo itazikwa na kompyuta hiyo. Na maisha yake yenyewe si marefu: Microsoft ilikwishasitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia prosesa za kizazi cha 8 isipokuwa chache sana, ilhali yangu ni ya kizazi cha 5. Kwa mashine ya umri huu ninalipia kile ninachoweza kuondoka nacho, na SSD naweza kuichomoa kesho nikaitia kwenye kasha la USB ikawa ya kuhifadhia faili.

Ningeishia hapo na nyota zangu tatu, kama wakati wa kulipa yule muuzaji asingeniambia kwamba diski ya zamani hubaki dukani, eti ndio utaratibu wao. Diski yenye stakabadhi, mishahara na namba za TIN za watu walioniamini! Sikuondoka kaunta mpaka nilipokabidhiwa mkononi, naye alinikabidhi huku akinuna kana kwamba ninamwibia.

Nyota tatu nimezifuta. Ninaacha moja, na hiyo ni ya yule kijana peke yake, wala duka lisijihesabie. Siku atakapofungua meza yake mahali popote mjini nitamfuata, na hata ile RAM niliyosema siihitaji, akiniambia imefika wakati wa kuiongeza, nitainunua kwake.