Fleet au Wandle: mito miwili midogo ya London
Yote miwili huingia Thames, lakini imepatwa na mabaya kwa namna tofauti. Fleet huanzia Hampstead Heath, uwanda wa nyasi na miti kaskazini mwa London. Baada ya moto mkubwa wa 1666, wasanifu majengo Christopher Wren na Robert Hooke waligeuza sehemu yake ya chini kuwa mfereji wa mashua. Uchafu wa jiji ukawashinda, na miaka ya 1730 mfereji ukaanza kufunikwa. Leo Fleet ni mfereji wa maji taka chini ya mtaa wa Farringdon. Pale Ray Street, ukiinamia wavu wa chuma barabarani, unausikia ukipita kwa kasi.

Wandle, kusini, ulichafuliwa na viwanda ila haukuzikwa. Mbunifu wa vitambaa William Morris alihamishia karakana yake Merton Abbey, kando ya mto huo, 1881, akasuuza mtoni vitambaa vyake vya rangi. Samaki wamerudi. Mwenye siku moja tu, aende Wandle.