Mawese ya Ujiji: chakula kizuri, si dawa ya moyo

Mawese ya mama huyu wa sokoni Ujiji ni mazuri sana: mekundu ya kuiva, yakipoa yanaganda chini ya chupa, hayakwaruzi koo. Kwenye maharage, hayana mpinzani.

Lakini alimwambia dada yangu, anayechomwa doksorubisini, dawa ya saratani, kwamba yatamlinda moyo. Hapo nakataa. Karotini na vitamini E yanazo kweli, na dawa ile huudhuru moyo kwa sehemu kupitia chembe haribifu za oksijeni. Ila antioksidanti za mimea, yaani viini kama hivyo vinavyozima chembe hizo, zimeng'ara kwa panya wa maabara kuliko kwa wagonjwa. Kinga iliyothibitishwa hospitalini ni dawa iitwayo deksirazoksani, pamoja na kupima moyo kwa ultrasaundi. Mama, tuuzie mawese ya mboga. Moyo wa dada tuachie madaktari.